Gauni la Ajali

Jumatatu, Kagondo. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa haina dalili ya kuchoka. Migomba ya jirani imelala ubavu, barabara imekuwa tope tupu.

Sijafungua duka. Nimewaandikia wateja wawili kwamba naumwa, na huo ni uongo. Nimekaa kitandani na kikombe cha chai ya maziwa, vidole vina alama za sindano, na kichwa changu kimekataa kuiacha Jumamosi.

Jumamosi mama yangu alivaa gauni jeusi.

Nikiliandika hivyo halionekani kuwa jambo. Mnaonisoma hapa mnajua mimi ni fundi cherehani pale mjini Bukoba, karibu na soko, na magauni ndiyo maisha yangu ya kila siku. Lakini hili naliandika leo kwa sababu najijua. Nikingoja, wiki ijayo nitaanza kulisimulia dukani kama kichekesho, watu watacheka, na nitakuwa nimeliharibu.

Wiki nne zilizopita Mama alikuja kutoka kijijini kwetu Nshamba bila kunipigia simu. Hafanyi hivyo kamwe. Mama ana miaka sitini na miwili, ni mwimbaji wa kwaya ya kina mama ya Kilutheri, na safari ya kuja mjini huwa anaitangaza siku tatu kabla kama vile anakwenda Ulaya. Siku hiyo aliingia tu, akateremsha mkungu wa ndizi mlangoni, akakaa kimya mpaka mteja niliyekuwa naye alipotoka. Ndipo akasema anataka gauni la harusi ya Mugisha.

Mugisha ni mdogo wangu. Tumezaliwa wawili tu.

Nikachukua daftari. Nilishajua nitakachomshonea: kitenge cha buluu, mikono mirefu, na kilemba chake. Nikamuuliza, kwa kutimiza wajibu tu, anataka mshono gani.

"Kama lile la Ajali," akasema.

"Ajali gani, Mama?"

"Koku, usijifanye mjinga. Unamjua."

Namjua. Mtu yeyote aliyekulia Nshamba miaka ile anamjua.

Jina lake la ubatizo ni Leokadia. Alikwenda Kampala akiwa msichana, akarudi mwanamke, na siku aliyorudi, kama wanavyosimulia, mwalimu mkuu mmoja alikuwa anapita na baiskeli, akageuza shingo kumtazama, akaingia na baiskeli yake kwenye kahawa iliyoanikwa uani kwa watu. Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Ajali. Wanawake walilitamka kwa kubana midomo. Wanaume walilitamka taratibu.

Dunia nzima ina mwanamke huyu. Yupo kwenye filamu, yupo kwenye matangazo ya manukato: midomo myekundu, gauni jeusi, na kando yake mwanamume anayekaribia kupoteza kila kitu. Wenzetu wamempa majina mazuri ya vitabuni. Sisi tulikuwa naye barabarani, akienda kununua chumvi.

Niungame. Nikiwa na miaka tisa nilikuwa namfuata kwa siri. Nilikuwa nakaa nyuma yake hatua kama ishirini, najaribu kutembea kama yeye. Alikuwa hana haraka. Gauni lilimfunika kuanzia shingoni hadi chini ya magoti, jeusi, halina ua wala lesi, na miwani myeusi, na midomo ile myekundu kama tunda la kahawa lililoiva. Katikati ya kanga na sare za shule zilizopauka, alikuwa kama mstari uliochorwa kwa wino kwenye karatasi ya penseli. Nadhani ufundi wangu ulianzia pale, nyuma ya mgongo wake, ingawa wateja wakiniuliza huwa nasema nimejifunza kwa shangazi.

Nilipofika miaka kumi na mmoja, Baba aliondoka nyumbani.

Alikuwa dereva wa lori la kahawa, mtu wa maneno mazuri, mtu wa kuchekesha msiba. Aliondoka Jumanne na begi moja. Wiki hiyohiyo kijiji kizima kilikuwa na jibu: Ajali kamchukua. Baadaye tulisikia Baba yuko Mwanza na mke mwingine, na jibu likarekebishwa kidogo: Ajali alimchukua, akamnyonya, akamtupa, ndipo akaangukia Mwanza. Mama hakuwahi kulipinga. Mtu akimpa pole alikuwa anasema, "Ajali imetupata," na watu wanatikisa vichwa. Mimi nikaacha kumfuata yule mwanamke barabarani. Nikaanza kumchukia, na chuki hiyo niliitunza vizuri kwa miaka ishirini na minane.

Sasa mama yangu huyohuyo amekaa kwenye kiti cha wateja, miguu imevimba kwa safari, anataka gauni la Ajali.

Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Baba alikuwa amealikwa harusini. Mugisha mwenyewe alimwalika, na sikumlaumu. Baba angekuja na mkewe wa Mwanza, na Mama angeketi nao meza moja, mbele ya watu wote wa Nshamba. Nikajisemea: sawa, Mama anataka silaha. Ni haki yake. Nikachomoa futi shingoni nikampima.

Kilichonishangaza ni jinsi alivyolikumbuka. Alifunga macho akaniambia bega lilikaaje, kola ilipanda mpaka wapi, vifungo vilivyofunikwa kwa kitambaa chenyewe, mikono iliyobana kwenye kifundo. Akaniambia mpasuo ulikuwa nyuma, haukuwa pembeni. Mtu hakumbuki hivyo gauni analolidharau.

Nikashona la kujaribia kwa kitambaa cha bei rahisi. Mama akalivaa, akajitazama kwenye kioo changu kirefu, akageuka kulia, akageuka kushoto.

"Hili ni la mke wa mchungaji," akasema, "anakwenda kuwaona wagonjwa."

Alikuwa sahihi. Nikajaribu tena. La pili likawa la mjane. Vipimo vilikuwa sawa, mishono ilikuwa sawa, na gauni lilikuwa limekufa. Nikakaa nalo mapajani, nikakubali jambo ambalo fundi hapendi kulikubali: sikujua lile gauni lilikatwaje. Ilibidi nilione.

Kumpata haikuwa kazi. Bukoba si mji mkubwa, na mwanamke wa namna ile hapotei. Mama mmoja anayeuza vifungo sokoni alinielekeza bila hata kuuliza ninamtakia nini: nyumba ndogo kilimani, ukuta wa rangi ya krimu, ukikaa barazani unaliona ziwa lote.

Nilipanda kile kilima nikiwa nimejiandaa kwa maneno makali. Nikamkuta mwanamke anayekaribia sabini, amekaa kwenye mkeka, anamenya maharage mabichi. Kanga kiunoni, magoti yamefungwa bandeji. Saa nne asubuhi, hakuna mgeni aliyetarajiwa, na midomo imepakwa rangi nyekundu, imepakwa vizuri, mpaka kwenye pembe.

"Shikamoo, Ma Leokadia."

"Marahaba." Akanitazama. "Wewe ni wa yule dereva. Una paji lake la uso."

Maneno makali yote niliyojiandalia yakayeyuka. Nikakaa kwenye mkeka, nikachukua maharage nikaanza kumenya naye, kwa kuwa mikono yangu haikujua kufanya kitu kingine. Nikamwambia nimetumwa na gauni. Nikamwambia ni la nani.

Aliacha kumenya. Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

Alinyanyuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani, akarudi amelibeba mikononi kama mtoto aliyelala. Alikuwa amelihifadhi kwenye shuka jeupe. Nikalifungua.

Nitajaribu kueleza, ingawa asiye fundi huenda asione kwa nini nilitaka kulia. Kitambaa kilikuwa cheusi, kizito, kinaanguka chini chenyewe kama maji ya mtungi. Kilikuwa kimekatwa mshazari, nyuzi zimelala pembe hadi pembe, ndiyo maana lilifuata mwili bila kuubana. Mimi nilikata wima, kama tulivyofundishwa, ili kuokoa kitambaa. Ndani kulikuwa na bitana ya rangi ya zambarau iliyoiva ambayo hakuna mtu angeiona. Mishono ya mkono, midogo, imetulia. Nikauliza ni fundi gani wa Kampala.

"Mimi," akasema.

Huko Kampala alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa mama mmoja mshonaji. Alifagia vipande vya vitambaa miaka mitatu, akavitazama, akajifunza. Hilo lilikuwa gauni lake la kwanza na la mwisho la kiasi kile. Alilikata kwa ajili yake mwenyewe.

Asubuhi ile alinifundisha kuliko nilivyofundishwa na mtu yeyote. Alisema nyeusi haibembelezi mtu, ndiyo maana aliichagua. Alisema funga kila kitu, acha sehemu moja tu, na hiyo moja ionekane ukiwa umeshapita. "Wanaume wa Nshamba wanadhani waliona mengi. Hawakuona kitu. Walimalizia wenyewe vichwani mwao, halafu wakanishitaki mimi."

Nikamuuliza kuhusu mwendo, ule nilioufuata nikiwa mtoto. Akashangaa.

"Barabara ilikuwa na mashimo, mwanangu. Na mimi nina viatu vya kisigino. Wakasema natembea kwa maringo. Nilikuwa nayatazama mashimo."

"Na miwani?"

"Ukivaa miwani," akasema, "watu hawajui kama umelia."

Kisha akaniambia habari za Baba, kabla sijauliza. Alikuja kwake mara tatu. Mara ya kwanza alimpa kiti. Mara ya pili hakumpa. Mara ya tatu alimmwagia maji aliyooshea ndizi, akamwambia arudi kwa mke wake na watoto wake. "Hakurudi kwenu, na kwangu hakuingia. Alikwenda zake alikotaka kwenda tangu mwanzo."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Miaka yote hiyo, kwa nini hakusema.

"Nani alikuja kuniuliza?"

Nikainamia tena maharage.

Nikamwomba aniazime gauni siku mbili nichukue kiolezo. Akalikunja, akalirudisha kwenye shuka. Akasema gauni lile haliendi kwa mkono wa mjumbe. Mama aje mwenyewe.

Nilidhani Mama atakataa. Nilipomwambia kwenye simu, nilisikia kuku wake tu wakigombana uani. Alhamisi akaja. Alikuwa amevaa gauni lake la ibada, na mkononi alikuwa na kifurushi cha akamwani, ile kahawa ya kutafuna tunayompa mgeni wa heshima, amekifunga kwenye jani kavu la mgomba kama zamani.

Alipofika barazani kwa Leokadia alipiga magoti juu ya saruji, akasalimia kwa Kihaya kama anavyosalimiwa mkubwa. Leokadia akaitikia. Hakumwambia inuka.

Mimi nilisimama mlangoni, sijui nikae upande gani.

"Nilijua," Mama akasema. "Wifi yangu aliniambia mwaka uleule. Nilijua ulimfukuza."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Waliposema umeniibia, watu walinionea huruma. Wangejua ameondoka tu, hajaibiwa na mtu, wangeanza kuniuliza nina kasoro gani."

Miaka ishirini na minane nimemchukia mtu kwa hadithi ambayo mama yangu alijua kuwa ni ya uongo.

Leokadia aliuliza swali moja tu. "Na msiba wa mama yangu?"

Mama akainamisha kichwa mpaka nikaona ncha za mvi chini ya kitambaa chake.

"Ni mimi niliyewaambia wasije."

Hili sikulijua kabisa. Msomaji wa mbali huenda asielewe uzito wake. Kwetu, mtu akifiwa, wanawake wa jirani wanakuja kumenya ndizi na kupika. Hakuna anayealikwa, na hakuna anayekosa. Mke wa adui yako anakuja. Kutokuja ni kumwambia aliyefiwa kwamba naye amekufa.

"Tulimenya wawili, mimi na dada yangu," Leokadia akasema. Sauti yake haikupanda. "Tulimenya mpaka mikono ikawa myeusi kwa utomvu. Haukutoka. Nilimzika mama yangu kwa mikono hiyo. Mwezi uliofuata nikahama Nshamba."

Mama alilia. Hakulia kwa sauti. Alilia kama anayesubiri hukumu na anaona inachelewa.

Ziwa lilikuwa linang'aa kule chini, boti moja ndogo inakwenda zake. Kisha Leokadia akapangusa mikono kwenye kanga.

"Sijui kama nimekusamehe," akasema. "Usiniharakishe. Lakini inuka, hayo magoti si mapya. Koku, lete futi."

Alimpima mwenyewe. Alimzungusha mama yangu kama anavyozungushwa mtoto anayeshonewa sare ya kwanza, anamgonga bega linyooke, anataja vipimo, mimi naandika. Alipofika kiunoni akasema, "Una kiuno, kumbe. Ulikificha wapi miaka yote?" Na Mama, machozi bado yako kidevuni, akacheka.

Tulishona siku nane. Leokadia alikuja dukani kwa bodaboda, anakaa karibu na dirisha, haniruhusu kutumia mashine kwenye pindo wala kwenye vifungo. Jioni Mama alifundishwa kutembea kwenye varanda ya duka. "Usiwatazame. Wakutazame wao. Na usikimbie, hakuna ng'ombe nyuma yako." Wauza nyanya wa jirani walikuwa wanaacha biashara kutazama. Mimi nilikuwa nafunga nyuzi na kuwaangalia wale wanawake wawili, na kwa mara ya kwanza nikaona kitu ambacho nikiwa na miaka tisa sikukiona: kuwa vile ni kazi. Mtu haamki vile. Mtu anaamua asubuhi kwamba leo hataomba radhi kwa kuonekana, kisha anafunga kifungo kimoja kimoja mpaka juu.

Halafu ikafika Jumamosi.

Ukumbi ulijaa saa tisa mchana. Watu wa Nshamba walikodi basi zima. Baba alikuwa ameshaketi meza ya wazazi, suti ya kijivu imemzidi mabega, amezeeka kuliko nilivyotarajia, na mkewe pembeni, mama mmoja mpole mwenye gauni la dhahabu. Mshereheshaji akatangaza mama mzazi wa bwana harusi.

Mama akaingia.

Kola imefika kidevuni. Mikono imefika vifundoni. Hana mkufu, hana maua, hana mkoba. Midomo myekundu, Leokadia aliipaka mwenyewe nyuma ya ukumbi. Miwani myeusi. Kitambaa kilitembea nusu hatua nyuma yake, kama kinamfikiria. Alipita katikati ya meza polepole, hamtazami mtu, na nikaona jinsi maneno yalivyokuwa yanazimika meza moja baada ya nyingine, kama mtu anayepita nyumbani akizima taa. Mzee mmoja alikuwa anamimina soda. Iliendelea kumiminika mpaka kwenye kitambaa cha meza.

Hakuna aliyesema "amependeza kwa umri wake." Alikuwa mzuri, basi. Alikuwa mzuri na alikuwa anatisha, na ni mama yangu, mwimbaji wa kwaya, na mimi niliyejua kila mshono wa lile gauni nilisahau kupiga vigelegele.

Baba alisimama. Nadhani hakujua kwamba amesimama.

"Mama Koku," akasema. "Mimi nili... nilitaka..."

Mama akavua miwani, bila haraka. Akamtazama kama unavyomtazama mtu uliyewahi kupanga naye nyumba moja.

"Karibu, Baba Koku," akasema. "Chakula kipo cha kutosha."

Akaketi. Nikajiambia: hapo. Ndicho alichokitaka. Imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Ulipofika utambulisho wa ndugu, Mama aliomba kipaza sauti. Baadaye nilijua kwamba Ijumaa alikuwa amewaomba ruhusa Mugisha na mchumba wake, na walikubali. Mimi hakuniambia. Alitaja kaka zake, alitaja mashangazi, kila mtu akasimama na kupungia. Kisha akaelekeza mkono kule nyuma, karibu na mlango, Leokadia alikokuwa ameketi na bakora yake.

"Yule ni Leokadia. Wa Nshamba mnamjua kwa jina lingine."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

"Mlisema alinichukulia mume. Hakumchukua. Alimfukuza mlangoni kwake. Mimi nilijua, na nikawaacha mseme. Alipofiwa na mama yake, ni mimi niliyewazuia msiende. Namwomba radhi hapa mbele yenu, kwa sababu nilimkosea mbele yenu."

Alikuwa anaogopa. Niliona kwa sababu namjua. Kwa mtu mwingine, ule mkono mweusi wa gauni uliobana mpaka kifundoni haukuonyesha kitu. Ndipo nikaelewa gauni lilikuwa la nini. Kwa Baba angeweza kuvaa kitenge changu cha buluu. Alichokihitaji ni nguo ya kumshikilia wima aseme sentensi zile tano au sita mbele ya kijiji kizima bila kuanguka, na katika maisha yake alikuwa amemwona mwanamke mmoja tu anayejua kusimama hivyo.

Baba anatazama sahani yake.

Leokadia alinyanyuka. Alitembea ukumbi mzima, bakora mkono mmoja, na sikumbuki kuona mwendo mzuri kama ule. Alifika mbele ya Mama, wakatazamana. Kisha akanyoosha mkono, akamrekebisha kola.

"Ilikuwa imekaa vibaya," akasema. Mimi tu na wao ndio tuliosikia.

Bibi mmoja wa Nshamba, mmoja wa wale ambao hawakwenda kumenya, aliinuka kwenye kiti chake cha mbele akakivuta. "Waitu, keti hapa," akamwambia Leokadia, akimwita kwa neno letu la heshima. Bibi mwenyewe akabaki amesimama. Vigelegele vilianzia upande wa kwaya.

Baba alipopewa nafasi ya hotuba alitoa karatasi mbili zilizojaa maandishi. Alizitazama. Akazikunja. "Mama yao ndiye aliyewalea," akasema. "Namshukuru." Akaketi. Ni hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na ndiyo pekee niliyoiamini. Wakati wa keki mkewe wa Mwanza alinisogelea akaniomba namba ya simu. Alitaka kujua kama naweza kumshonea kama lile.

Leo asubuhi Mama alikuwa bado yuko hapa kwangu. Mvua ilipopungua kidogo alifunga kanga, akachukua mwavuli wangu na ndizi mbivu, akasema anakwenda kilimani kwa Leokadia kumsaidia kuchambua maharage. Nikamuuliza kama wamepatana.

"Bado," akasema. "Lakini kaniambia nije."

Nimebaki peke yangu na hii nyumba. Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema ukweli, niseme na wangu: nina miaka thelathini na tisa, navaa madera makubwa ya rangi ya udongo, na ninawaambia watu ni kwa sababu ya kazi, ninainama sana. Ni uongo kama ule wa kuumwa. Tangu Baba aondoke niliona jinsi mwanamke anayeonekana anavyotendewa, nikaamua nisionekane.

Sasa hivi, kabla ya kuandika aya hii, nilisimama mbele ya kioo cha bafuni nikajipima. Kifua, kiuno, nyonga, bega kwa bega. Miaka kumi na minne nimewapima wanawake wa mji huu, nina daftari zimejaa viuno vya watu, na vipimo vyangu nilikuwa sivijui.

Nimeviandika kwenye ukurasa mpya, na jina langu juu.

Kesho nafungua duka mapema. Nitakata mshazari, hata kama kitambaa kitapotea.